Mali Bila Daftari

Kiwanja cha umma Nairobi huliwa kwanza kwenye karatasi. Namba hutolewa, barua ya ugawaji ikafuata, na siku mabati yanapozungushwa wananchi hushtuka, kumbe shughuli ilikwisha zamani. Ripoti ya 2004 ya Tume ya Ndung'u, iliyochunguza ugawaji haramu wa ardhi ya umma, ilianika mchezo huo. Mimi, karani mstaafu wa masjala, naamini karatasi hujibiwa kwa karatasi. Ndiyo sababu Jumamosi utanikuta City Park, Parklands, pamoja na wenzangu wa kujitolea, utepe wa kupimia mkononi.

Tunaandika ulipo uzio, lango, njia, benchi, choo na, zaidi ya vyote, bikoni za mpaka. Bikoni iking'olewa, bustani hupungua bila kelele. Kijana mmoja huuzunguka mpaka akiwa na simu yenye GPS, kisha mstari wake huingizwa katika OpenStreetMap, ramani huria iliyoanzia Uingereza mwaka 2004, ambayo yeyote anaweza kuihariri. Chini ya miti mikubwa simu hukosea kwa mita kadhaa, hivyo tunapima tena kwa utepe kutoka kona ya jengo. Ramani hiyo haina nguvu ya hati miliki, lakini kila badiliko lina tarehe. Akija mtu kudai hapa palikuwa pori tupu, tutamwonyesha njia na benchi, na siku zilipoandikwa.

Makaburi nayo tunayaandika. Mwanasiasa Pio Gama Pinto, aliyepigwa risasi 1965, amelala humu, na Joseph Murumbi, makamu wa rais wa pili wa Kenya, akazikwa karibu na rafiki yake huyo mwaka 1990.

Vijana wakiniuliza kama haya yana faida, huwatajia Bustani ya Jeevanjee. Mfanyabiashara A. M. Jeevanjee aliwapa wakazi wa jiji bustani hiyo mwaka 1906. Mwaka 1991 ulipozuka mpango wa kujenga hapo, mjukuu wake Zarina Patel aliongoza upinzani, na bustani ipo hadi leo. Miaka miwili kabla ya hapo mwanamazingira Wangari Maathai alikuwa amelipinga jengo la ghorofa 60 katika Uhuru Park.

Miti ya barabarani inanipa shida zaidi, maana haina lango wala mlinzi. Barabara ya juu ya kilomita 27 kutoka Mlolongo hadi Westlands ilipojengwa, mugumo mmoja mkubwa wa Waiyaki Way uliponea chupuchupu kwa amri ya rais, mwaka 2020. Mingi mingine ilianguka bila jina. Sasa tunapima unene wa kila shina kwa kimo cha mita 1.3, tunapiga picha na kuandika lilipo. Mti usiohesabiwa utaudaije?

Baada ya hapo zamu yangu inafika. Kifungu cha 35 cha Katiba ya 2010 kinampa raia haki ya kupata taarifa zilizo mikononi mwa serikali, na sheria ya 2016 inaeleza utaratibu. Tunaandika barua ya kuomba ramani rasmi ya mpaka na kuambatisha mchoro wetu. Kijana akiniambia ameituma kwa baruapepe, namrudisha: chapisha nakala mbili, nenda masjala, moja ipigwe muhuri wa kupokelewa wenye tarehe, na hiyo uniletee mimi.