Woga wa Bei Ndogo: Filamu za Miaka ya 1970 na Batumbula wa Kwetu

Leo minataka tuongee sinema. Sio ile ya mabunduki na karate, hapana. Ni filamu za kutisha, zile ndogo zilizotengenezwa Marekani mbali na Hollywood, hasa mu miaka ya 1970. Mtu atauliza: zinatuhusu nini sisi watu wa shaba? Mnivumilie, nitaeleza polepole.

Kwanza, zilitoka wapi? Filamu kubwa za Marekani zilipita karibu zote Los Angeles. Lakini mu miji mingine kulikuwa na watu wenye kamera waliokula kwa kutengeneza matangazo ya televisheni au filamu za kufundishia. Herk Harvey wa Lawrence, Kansas, alikuwa mmoja wao. Mwaka 1962 alitoa Carnival of Souls, baada ya kuona Saltair, jumba la starehe lililoachwa tupu kando ya ziwa la chumvi ku Utah. Jengo lenyewe lilikuwa tayari linatisha, hakuna fundi aliyehitajika kulijenga. George Romero na wenzake wa Pittsburgh nao walitoka kwenye matangazo. Mwaka 1968 walitoa Night of the Living Dead kwa dola kama 114,000, sehemu kubwa ndani ya nyumba moja ya shamba. Damu ilikuwa sharubati ya chokoleti, ju picha zilikuwa nyeusi na nyeupe, nani angejua?

Na wanunuzi walikuwepo. Marekani ilikuwa na sinema nyingi za uwanjani, ambako watu wanatazama wakikaa ndani ya magari yao. Sinema hizo zilitaka filamu mpya kila mara, na hazikuuliza sana kama mchezaji anajulikana. Njo mlango uliofunguka kwa watu wa mikoani.

Sasa tufike ku siri yenyewe. Kuonyesha jini kunahitaji pesa: sura za bandia, mitambo, mafundi. Kama pesa hakuna, unaweka jini mu kichwa cha mtu. Let's Scare Jessica to Death ya John Hancock, ya 1971, ilichukuliwa Connecticut. Jessica ametoka hospitali ya wagonjwa wa akili, anahamia shamba na bwana yake. Anasikia sauti, anaona msichana, anamshuku mgeni waliyemkuta mu nyumba. Je, mgeni ni mnyonya damu kweli, au ugonjwa umerudi? Filamu inaisha bila kukujibu. Woga wote unatoka pale: hata yeye mwenyewe hajui kama ajiamini. Kwa kuonyesha hiyo haihitaji mitambo. Inahitaji uso wa mchezaji, ukimya, na nyumba.

Mwaka 1973 Bill Gunn, Mmarekani mweusi, alitoa Ganja & Hess. Waliompa pesa walitaka filamu ya mnyonya damu ya kuuza haraka kwa watazamaji weusi. Yeye akatengeneza hadithi ya msomi anayeshikwa na kiu ya damu kama mlevi anavyoshikwa na pombe. Ilionyeshwa Cannes mwaka huo huo. Kwao, wenye pesa waliikatakata na kuibadilisha jina.

Lakini ile ninayotaka muikumbuke zaidi ni Martin, ya Romero, iliyoonyeshwa Marekani mwaka 1978. Ilichukuliwa Braddock, karibu na Pittsburgh. Braddock ni mji wa kiwanda: Andrew Carnegie alianza kuyeyusha chuma pale mwaka 1875. Mwaka 1920 ulikuwa na watu zaidi ya 20,000. Leo hawafiki 2,000. Mu filamu unaona maduka yamefungwa, kanisa limebaki na wazee, vijana wanatafuta njia ya kuondoka. Mtu wa Kolwezi hahitaji kutafsiriwa. Sisi pia tulikuwa na kampuni moja iliyotoa mshahara, hospitali, masomo na unga. Mu miaka ya 1980 Gécamines ilipita tani laki nne za shaba kwa mwaka. 1990 mgodi wa Kamoto ukaporomoka, na uzalishaji wote ukaanguka. Watoto wa wakati ule wanajua harufu ya mji unaongoja mshahara usiokuja.

Martin ni kijana anayeletwa kukaa kwa ndugu yake mzee, Tata Cuda. Mzee anaamini familia yao ina laana, na huyu kijana ni mnyonya damu. Anaweka vitunguu saumu ku milango, anatundika misalaba. Kijana hana meno marefu, na vitunguu saumu anavitafuna mbele yake. Ila anaua kweli: anadunga watu sindano ya usingizi, anawakata kwa wembe. Kwa hiyo Romero hakufanyi umpende kirahisi. Anakuuliza swali gumu: kijana aliyeambiwa tangu utoto kwamba ni jini, atakuwa nini kingine? Alafu mwisho (mnisamehe, lazima nitaje) mzee anamuua kwa kifo cha mwanamke mmoja, kifo ambacho Martin hakukifanya. Yule mama alijiua mwenyewe.

Bandugu, hii si hadithi ya mbali. Kwetu wapo watoto wanaofukuzwa nyumbani ju mtu alisema ni wachawi. Baba amepoteza kazi, mama mdogo ameugua, kosa linatupwa ku mtoto, mara nyingi yatima au mtoto wa ndoa ya kwanza. Sheria ya ulinzi wa mtoto ya tarehe 10 Januari 2009 inakataza kumshtaki mtoto uchawi. Lakini sheria haiingii jioni mu sebule. Sinema inaingia. Na filamu nyingi za bei ndogo tunazotazama zinafuata njia moja: mchawi ni wa kweli, anaonekana akiruka, mchungaji anamshinda, makofi. Mtazamaji mwenye mtoto anayekojoa kitandani atajifunza nini pale? Woga wa aina ya Martin unageuza kamera. Badala ya kuuliza "mchawi ni nani?", unauliza "nyumba hii inaogopa nini mpaka inamhitaji mchawi?"

Na hadithi za aina hiyo tunazo. Nani hakuambiwa: "Usitoke inje busiku, batumbula batakukamata"? Wakati wa Wabelgiji, watu wa Katanga walisema batumbula wanawinda watu usiku kwa ajili ya wazungu, na aliyekamatwa anaishia kuliwa. Zambia waliwaita banyama, pwani mumiani, Nairobi wazimamoto. Mwanahistoria Luise White aliandika kitabu juu yao mwaka 2000, Speaking with Vampires. Hakukubali kwamba huo ni ujinga tu. Alisikiliza hadithi hizo kama namna watu walivyozungumza juu ya mambo waliyoishi chini ya ukoloni. Mimi minaona hivyo pia: mtu anayeona mwili wake unatoka mgodini umepungua kila mwaka, akisema kuna anayekula watu, hajakosea sana.

Woga wetu mwingine tayari umechukuliwa na wageni. Vita ya Kolwezi ya Mei 1978 ilifanyiwa filamu na Raoul Coutard, La légion saute sur Kolwezi, ya 1980. Ilichukuliwa Guyana ya Ufaransa, na mashujaa wake ni askari walioruka na miavuli. Mama aliyelala chini ya kitanda na watoto wake mu Manika, filamu yake bado haijatengenezwa.

Je, inawezekana bila pesa? Tazameni Machini, ya 2019, ya Frank Mukunday na Tétshim wa Lubumbashi. Ni dakika kama kumi za mawe na chaki vinavyosogezwa kidogo kidogo mbele ya kamera, na inasema wazi mgodi unatufanya nini. Alafu fikirini Kasulo, ambako tangu 2014 watu walichimba kobalti mpaka ndani ya vyumba vyao. Familia imelala, na chini ya sakafu ya jirani kuna sauti ya sururu. Ni jirani anachimba, au ni kitu kingine? Filamu hiyo inahitaji chumba kimoja, taa moja, simu nzuri, na wachezaji watatu wanaojua kunyamaza.

Basi ninyi wenye wazee nyumbani, muwaulize juu ya batumbula wangali hai: walionekana wapi, walibeba nini, nani alipotea. Muandike kama walivyosema, kwa Kiswahili chao. Wale wenye kamera mtakuta kazi imeanza.