Mtoto Anapona, Je, Anakua?
Miaka ishirini ya Burundi katika vita dhidi ya umaskini



Zinapotajwa habari za nyumbani, iwe kwenye foleni ya posho au pale bombani, swali la wazazi huwa ni moja: "Na watoto je, wataishi vipi huko?" Ni swali la haki. Mtu mzima anaweza kuvumilia msimu mmoja wa njaa. Mtoto wa mwaka mmoja hana msimu wa kuvumilia.

Mwezi huu tunatazama nchi maskini kama Burundi ilivyojaribu kupambana na umaskini wa familia tangu 2005. Hatutapima kwa hotuba. Tutapima kwa vitu viwili ambavyo kila mama anavijua kutoka kliniki: je, mtoto anapona? Na je, mtoto anakua?

HALI ILIVYOKUWA

Chukueni mfano wa Mutaho, kaskazini mwa mji wa Gitega. Baada ya Oktoba 1993 watu wengi walikimbia milima yao wakakusanyika pale katikati, katika kambi ya wakimbizi wa ndani. Miaka mingi baadaye wengine walikuwa bado wapo pale. Huko Muyinga, wengine walivuka mpaka wakaingia Ngara, Tanzania. Mmoja alibaki ndani ya nchi, mwingine alitoka, lakini wote walitengana na kitu kimoja: shamba. Na katika nchi ambayo karibu watu 9 kati ya 10 wanaishi kwa jembe, kukosa shamba ni kukosa chakula.

Halafu kulikuwa na ugonjwa. Kuanzia 2002 vituo vingi vya serikali vilimtaka mgonjwa alipe gharama zake mwenyewe. Waliokuwa na kadi ya ufukara ni wachache. Ikafika mahali mgonjwa amepona lakini haruhusiwi kutoka hospitali kwa sababu ya deni. Septemba 2006 mashirika ya haki za binadamu ya Human Rights Watch na APRODH yalitoa ripoti juu ya jambo hilo. Miongoni mwa waliozuiliwa walikuwemo akina mama waliojifungua kwa upasuaji, pamoja na vichanga vyao.

MILANGO MIWILI YAFUNGULIWA

Serikali iliyoingia Agosti 2005 ilianza na shule. Ada ya shule ya msingi ilifutwa mwaka huohuo, na Septemba watoto walifurika. Darasa lililojengewa watoto hamsini likapokea mara mbili yake. Sare na madaftari viliendelea kuwa mzigo wa mzazi, lakini ule mlango wa kwanza ulikuwa umefunguka.

Mwaka uliofuata, tarehe 1 Mei 2006, Siku ya Wafanyakazi, rais alitangaza kwamba matibabu ya watoto walio chini ya miaka mitano na huduma ya kujifungua vitakuwa bure katika vituo vya serikali.

Furaha ilikuwa kubwa. Lakini neno "bure" lina gharama zake. Akina mama walijaa vituoni, dawa zikaisha upesi, wauguzi walikuwa walewale, na pesa za serikali za kurudishia vituo zilichelewa. Muuguzi mmoja, wagonjwa mia: hata awe na moyo gani, atachoka.

Jibu lilikuja kwa hatua. Kwanza mikoa michache ilijaribu utaratibu mwingine, kisha kuanzia Aprili 2010 ukaenea nchi nzima. Kituo kinalipwa kulingana na kazi kilichofanya: watoto waliotibiwa, akina mama waliozalishwa, chanjo zilizotolewa. Na hakilipwi kwa maneno tu. Vitabu vinakaguliwa, na vyama vya wananchi wa hapohapo vinatumwa milimani kuuliza: huyu mama aliyeandikwa yupo kweli? Alipata huduma? Alitendewa vizuri? Kwa hiyo mama wa kijijini naye akapata nafasi ya kusema.

Kwa familia nyingine ilikuwepo kadi ya matibabu, ile CAM. Ilipofufuliwa 2012 iliuzwa faranga 3,000 kwa familia kwa mwaka, na mwenye kadi alibakiwa na sehemu ndogo tu ya kulipa.

KIPIMO CHA KWANZA: ANAPONA?

Tafiti mbili kubwa za kitaifa zinatupa jibu. Mwaka 2010, kati ya watoto 1,000 waliozaliwa hai, 96 walifariki kabla ya kutimiza miaka mitano. Katika utafiti wa 2016–2017 walikuwa 78. Uzazi uliofanyika kituoni ulipanda kutoka karibu 60 kwa kila 100 hadi karibu 84.

Tusidharau namba hizi. Tofauti ya 96 na 78 ni watoto 18 katika kila elfu. Ni watoto wanaotembea, wenye majina. Haya yalitokea katika nchi yenye pesa kidogo mno, hata katika miaka ambayo siasa zilichafuka tena na wengi wakakimbia kuanzia 2015. Kwa hiyo umaskini wa nchi si sababu ya kukaa mikono mifukoni.

KIPIMO CHA PILI: ANAKUA?

Hapa ndugu zangu tusidanganyane. Tafiti hizohizo zilipima pia urefu wa watoto. Mwaka 2010 watoto 58 kati ya 100 walio chini ya miaka mitano walikuwa wamedumaa, yaani wafupi kuliko umri wao kwa kukosa lishe ya kutosha kwa muda mrefu. Miaka sita baadaye walikuwa 56. Karibu hakuna kilichobadilika.

Kwa nini mtoto aponywe lakini asikue? Kwa sababu hospitali haimpikii mtoto. Daktari anatibu malaria, anamrudisha mtoto nyumbani, na nyumbani kuna ugali wa muhogo bila mboga. Shamba la familia nyingi halifiki hata hekta moja, na kila baba anapogawia wanawe linapungua. Ukubwa wa nchi ni kilomita za mraba 27,834 tu, na sensa ya 2008 ilihesabu watu zaidi ya milioni 8. Leo wameongezeka sana.

Na kudumaa hakungoji. Kunaanzia tumboni, hadi mtoto anapofikisha miaka miwili. Siku hizo zikipita bila lishe, ni vigumu sana kuzirudisha. Mtoto atakwenda shule, lakini kushika masomo kutamsumbua. Kwa hiyo ile shule ya bure ya 2005 inategemea chungu cha jikoni.

PESA MKONONI MWA MAMA

Ndipo likaja wazo jingine, la kumpa mama maskini pesa yenyewe. Mradi unaitwa Merankabandi, maana yake kwa Kirundi ni "uwe kama wengine". Benki ya Dunia iliukubali mwishoni mwa 2016, ukaanzia mikoa minne: Gitega, Karuzi, Kirundo na Ruyigi. Familia zaidi ya 50,000 zenye watoto zilipangiwa faranga 20,000 kwa mwezi, zikilipwa kila miezi miwili kwa simu, kwa miezi 30. Mpokeaji ni mama. Pamoja na pesa kulikuwa na mafunzo ya lishe, usafi na malezi.

Wapo wanaosema kumpa maskini pesa ni kumfundisha uvivu. Lakini mama mwenye mtoto mdogo si mvivu. Amekosa mtaji wa kununua mbegu, kuku, au kilo ya ndagala. Tatizo ni jingine: mikoa minne si nchi nzima, miezi 30 ina mwisho, na faranga hupungua nguvu. Mei 2023 thamani yake ilishushwa sana, na bei sokoni hazikungoja. Awamu zilizofuata zilipanuliwa kwenda mikoa mingine.

Serikali iliyoingia 2020 ina kauli yake: kila mdomo upate chakula na kila mfuko upate pesa. Ni kauli nzuri. Itapimwa wapi? Ukutani kwenye kliniki, pale mtoto anaposimamishwa kupimwa urefu.

TUFANYE NINI SISI?

Kurudi au kungoja ni uamuzi wa kila familia, na gazeti hili halimwamulii mtu. Lakini popote mtakapokuwa, mambo matatu yatawasaidia.

Kwanza, tunzeni karatasi. Cheti cha kuzaliwa, kadi ya chanjo na ripoti za shule ndizo zinazoonyesha umri wa mtoto na darasa lake. Huduma ya bure ina mpaka wa miaka mitano, na anayeulizwa umri wa mtoto anahitaji kuuonyesha. Mtoto aliyezaliwa kambini aandikishwe akiwa hapahapa.

Pili, jueni majina mapya. Tangu 2025 Burundi ina mikoa mitano badala ya 18, na komini 42 badala ya 119. Muyinga sasa iko ndani ya mkoa wa Buhumuza. Mwandikie mtoto jina la mlima wenu pia, maana mlima haujahama.

Tatu, anzieni kwenye chungu. Maharage, lengalenga, ndagala au yai kwa mtoto mdogo kabla ya mkubwa wa nyumba. Baba asiuze posho ya mtoto. Mama akienda kliniki asiishie kuuliza uzito, aulize na urefu.

Dawa ya bure ilipunguza vifo vya watoto wetu. Kazi iliyobaki ni kuwakuza, na sehemu yake inaanzia kwenye sahani ya leo jioni.