Njia ya Mwanga katika Picha za Usiku

Bembea kubwa ya kuzunguka ikipigwa picha usiku, taa zake huonekana kama duara za mwanga. Sababu ni kwamba mlango wa kupitishia mwanga katika kamera huachwa wazi kwa sekunde kadhaa, na filamu, au kipokea mwanga cha kamera za leo, hukusanya mwanga wa kila mahali taa ilipopita.

Mwanafunzi wa Turiani aweza kulifanya jaribio hili bila bembea, kwani Dunia yenyewe huzunguka. Usiku usio na mwezi, na aiweke kamera mahali imara, mbali na taa za kiwanda cha sukari cha Mtibwa, aielekeze magharibi penye milima ya Nguru, aache mlango wazi kwa dakika 20. Kila nyota itachora mstari. Dunia huzunguka nyuzi 15 kwa saa. Hivyo nyota zinazotua magharibi hasa zitachora nyuzi 5. Kwa kuwa Turiani iko nyuzi 6 hivi kusini mwa Ikweta, mistari hiyo hushuka karibu wima.

Picha ya dakika 10 itatoa mistari ya nusu ya urefu huo. Basi rula ya darasani yatosha kuupima mwendo wa Dunia ambao miguu yetu haiuhisi.