Chama ya Madem Sita Nyeri: Utamu Yake na Pale Inauma

Kama uko DeKUT, Karatina ama Chuka, kuna siku tu dem mtaani kwenu atakuuliza, "Wee, si uingie chama yetu?" Huku hatuna zile za Marekani za herufi za Kigiriki na nyumba yao. Tuko na madem watano ama sita, grupu ya WhatsApp, na kila Ijumaa mmoja anatumiwa ganji.

Na hii kitu si ya jana. Kina cucu walikuwa na ngwatio, wanalimiana shamba kwa zamu. Miaka ya 1960 wamama wa Central wakachangiana mabati, nyumba moja baada ya ingine, mpaka nyasi ikatoka kwa paa. Sisi tunanunuliana meko na viatu za Karatina.

Utamu ya kuwa wachache ni hesabu. Mko sita, kila mtu mia tano kwa wiki, mmoja anabeba 3,000. Wiki sita mzunguko umeisha, na semista inatosha mizunguko miwili. Mkiwa ishirini unabeba 10,000, sawa, lakini wa mwisho anangoja wiki ishirini. Hapo shule ishafungwa, watu wako kwao Meru na Kerugoya. Nani atatuma?

Halafu kuna ile haihesabiki. Yetu ilikuwa ya sita. Mmoja alipofiwa na babake, wote tuliingia matatu moja mpaka Othaya, tukaosha sufuria hadi jioni. Kwa kikundi ya watu arobaini angetumiwa tu vimishumaa kwa simu.

Sasa pale inauma. Dem wa pili kwa laini alibeba, wiki ya tatu akawa mteja. Alikuwa amebakisha wiki nne, yaani 2,000, so wanne tuliobaki kila mtu alipata 2,500. Kwa chama ya ishirini, mia tano ikitoka kwa 10,000 inauma kidogo tu. Mimi nilikuwa wa mwisho na nishaipangia rent. Lakini pesa si ndio ilituvunja. Watatu tulitaka kupigia mamake, wawili wakamtetea, mushene ikaingia, grupu ikanyamaza. Mzunguko wa pili haukuanza. Mkiwa wachache hakuna mtu wa katikati, kila mtu ni beste ya mtu.

Pia, Sheria ya Usajili wa Vikundi vya Jamii ya 2022 inataka watu kumi na kuendelea. Sita hampati cheti, na bila cheti loni ya Women Enterprise Fund mtaisikia tu kwa redio.

Ukiingia, mgeni abebe mwisho. Laini iandikwe kabla shilingi ya kwanza itoke. Pesa iende direkti kwa anayebeba, isipitie simu ya mtu, ndio meseji ya M-Pesa ibaki ushahidi. Na mwenye wiki imembana aseme mapema, abadilishane zamu.

Sai niko kwa ingine ya wanne, hapa tao. Nabeba Ijumaa ya mwisho, tena.