Ekstensheni ikitolewa nje, chunga maji na watoto

Mwishoni mwa wiki, katika nyumba nyingi utakuta waya wa ekstensheni umepitishwa dirishani hadi uani. Mmoja anaosha gari kwa mashine, mwingine anapandisha maji kwenye tangi kwa pampu, na watoto wanacheza pembeni wakiwa pekupeku. Umeme ni uleule wa volti 230 unaotumika sebuleni, lakini uani unaua kwa urahisi zaidi.

Sababu kubwa ni maji. Ngozi kavu huzuia umeme kwa kiasi fulani, ila ikilowa kinga hiyo hupungua sana. Ukisimama bila viatu kwenye ardhi yenye unyevu, umeme unaovuja hupita mwilini mwako kwenda ardhini, na njiani unaweza kupita kwenye moyo. Miliampia 100 tu zinaweza kuvuruga mapigo ya moyo na kuua. Globu ya zamani ya wati 60 hutumia zaidi ya mara mbili ya kiasi hicho.

Usitegemee sakiti breka ya kawaida. Hiyo huzuia nyaya zisiungue, haikulindi wewe. Kinachomlinda mtu ni kifaa kinachokata umeme mara tu unapoanza kuvuja, kwa kawaida ukifika miliampia 30. Muulize fundi mwenye leseni kama nyumba yako inacho.

Kabla ya kuwasha mashine nje, zingatia haya:

• Kagua waya wote. Uliochubuka au kuungwa kwa tepu usitumike.

• Tumia ekstensheni ya matumizi ya nje, yenye waya wa ethi, na uikunjue yote. Ikiachwa imeviringishwa hupata joto na inaweza kuungua.

• Sehemu plagi inapokutana na soketi iwe juu, mbali na maji.

• Vaa viatu vya mpira, na acha kazi mvua ikianza.

• Chomoa plagi kabla ya kusafisha mashine au kutoa kitu kilichokwama.

• Watoto wakae mbali hadi waya utakapokuwa umekunjwa na kuhifadhiwa.

Mtu akinaswa, usimshike. Wengi hufa wakijaribu kuokoa. Zima meinswichi au chomoa plagi kwanza. Ikishindikana, simama juu ya kitu kikavu na umsukume atoke kwenye waya kwa mti mkavu au kiti cha plastiki. Hii ni kwa umeme wa ndani ya nyumba pekee. Waya wa nguzo ukianguka, kaa mbali na uwaite wahusika wa shirika la umeme.

Akishatoka, angalia kama anaitikia na kupumua. Kama hapumui, mkandamize katikati ya kifua kwa nguvu, mara 100 hadi 120 kwa dakika, huku mwingine akitafuta msaada na usafiri. Usiache hadi apumue au wahudumu wafike. Kumfukia mchangani au kumnywesha maziwa hakusaidii, kunapoteza muda tu.

Hata aliyeamka na kusema yuko sawa apelekwe hospitali, hasa kama alizimia, ana maumivu ya kifua, ameungua, au ni mjamzito. Kidonda cha nje kinaweza kuwa kidogo kama punje ya mahindi huku misuli ya ndani imeungua, na moyo unahitaji kupimwa.

Kwa wazazi wa watoto wadogo kuna jambo moja zaidi. Mtoto aliyeng'ata waya huweza kuungua pembeni mwa mdomo, kidonda kikaonekana kinapona, kisha gaga likibanduka baada ya wiki moja au mbili akatokwa na damu nyingi. Ikitokea, bana sehemu hiyo kwa vidole viwili, kimoja ndani ya mdomo na kingine nje, usiachie, na mwahishe hospitali.