"Let" ya ruhusa na "let" ya kizuizi

Mwanafunzi wangu mmoja alinijia na Biblia ya Kiingereza ya Mfalme James, tafsiri iliyotoka mwaka 1611, kidole kikiwa kwenye Waraka kwa Warumi, sura ya kwanza, aya ya 13. Paulo anasema mara nyingi alikusudia kwenda Roma, kisha anatumia neno "let". "Samahani, Mwalimu," akaniuliza, "kama aliruhusiwa, mbona hakwenda?"

Swali zuri sana. Paulo hakuruhusiwa, alizuiwa. Hiyo "let" siyo tunayoifundisha darasani.

Kiingereza cha kale kilikuwa na vitenzi viwili. "Lætan" ni kuacha, kuruhusu. "Lettan" ni kuzuia, kukwamisha, nacho kina undugu na "late", neno la kuchelewa. Irabu ya kile cha kwanza ilikuwa ndefu. Baadaye ikafupishwa, viishio navyo vikadondoka, na maneno yenye maana zinazopingana yakabaki na sauti moja.

Sisi tuna paa la nyumba na paa wa porini, wala hatubabaiki: lile limevuja, yule amekimbia. Ngeli hutuamulia. Tena nani atachanganya bati na mnyama? Lakini ruhusa na kizuizi hukutana mlango mmoja. Ukiambiwa mlinzi amemfanyia mgeni "let", mgeni yuko ndani au bado yuko nje? Naamini utata huo ulichangia sana kuliua neno la kizuizi.

Hata hivyo halikutoweka kabisa. Fungua pasipoti ya Uingereza: mwanzoni kuna ombi kwamba mwenye nayo apite "without let or hindrance", yaani bila kizuizi wala kipingamizi. Lugha ya sheria ya Waingereza hupenda kuandamanisha maneno mawili ya maana moja, na hapo neno hai limembeba mwenzake aliyekufa. Mfasiri asiyelijua hilo ataandika "bila ruhusa", na ombi zima litapinduka.

Neno hilo hilo lipo kwenye tenisi. Mchezaji anapoanzisha, mpira ukigusa wavu kisha ukatua ndani ya eneo linalotakiwa, mwamuzi hutamka "let" na mpira hurudiwa. Ni rahisi kudhani anatoa ruhusa ya kurudia. Kumbe anatangaza kwamba mpira ulipata kizuizi njiani.