Zawadi Ipite Mkononi mwa Nani?

Gari lolote likisimama kwenye barabara ya Malindi hadi Garissa, watoto hulikaribia. Kati ya Garsen na Hola, wanaoshuka mara nyingi si watalii wa kigeni. Ni maafisa wa serikali, wafanyakazi wa mashirika, wafanyabiashara wa mifugo, na wenyeji walioajiriwa Mombasa au Nairobi wanaorudi kuwaona wazee wao. Swali la peremende, kalamu na noti ya shilingi hamsini, basi, ni letu kabla halijawa la Mzungu. Nashikilia kwamba kutoa ni jambo jema, ila zawadi isimfikie mtoto wala shule mpaka ipitie kwa mtu mzima anayewajibika kwa wazazi, na huyo ndiye aseme kinachokosekana.

Pwani yetu inajua hatari ya mgeni kumzoea mtoto pasipo mzazi kuwepo. Mwaka 2006 Serikali ya Kenya na UNICEF zilitoa ripoti iliyokadiria kwamba wasichana kati ya 10,000 na 15,000 katika Malindi, Mombasa, Kilifi na Diani walikuwa wamenaswa katika biashara ya ngono. Wengi wanaogawa peremende wana huruma ya kweli, lakini mtoto hana namna ya kuwatofautisha na wasio nayo, na mazoea ya kupokea kitu kwa mtu asiyemjua humrahisishia kazi mwenye nia mbaya. Tena kalamu inayogawiwa kando ya lami saa nne asubuhi humpata mtoto aliyekosa darasa; aliyekaa kusoma haimfikii.

Katika Tana River, kaunti ya Garsen na Hola, kuna jambo zito zaidi. Wapokomo hulima kandokando ya Mto Tana, Waorma na Wawardei hufuga na huhama kutafuta malisho na maji. Kugombea ardhi na mto huo huo kulichangia mapigano ya 2012 na mwanzoni mwa 2013 yaliyoua watu zaidi ya mia moja katika delta. Mahali penye majonzi ya karibu hivyo, katoni za vitabu zikishushwa katika shule ya kijiji kimoja kwa kuwa tu iko karibu na barabara, kijiji cha pili huona na kuhesabu. Mgeni huondoka jioni bila kujua kwamba ameonekana ameegemea upande. Na watoto wa wafugaji, ambao kiangazi kimewapeleka mbali na lami, ndio hukosa tena.

Hata zawadi ikifika shuleni, wingi wake hauthibitishi faida. Katika miaka ya 1990 watafiti, mwanauchumi Michael Kremer miongoni mwao, walifuatilia shule za Busia zilizopewa vitabu vya kiada bure. Wastani wa alama haukupanda. Waliofaidika ni wanafunzi waliokuwa tayari wakifanya vizuri, kwani vitabu vilikuwa vya Kiingereza, lugha ya tatu kwa watoto wengi. Kisha katika Busia hiyo hiyo dawa za minyoo zilitolewa shuleni, na kwa mujibu wa utafiti uliochapishwa mwaka 2004, kukosa masomo kulipungua kwa takriban robo. Wataalamu wamebishana kuhusu baadhi ya hesabu zake, lakini funzo kwa mtoaji halipotei: ni nadra msafiri kufikiria minyoo anapofunga begi lake. Mwalimu anayewaona watoto wakisinzia kila siku anaweza kuifikiria.

Pingamizi lenye uzito kuliko yote ni njaa. Mtoto ana njaa sasa, na kumwambia angoje kikao cha bodi ya shule ni ukatili. Nakubali kabisa kwamba mafuriko yanapozoa vijiji, kama mwishoni mwa 2023 na tena 2024, chakula hakingoji barua. Lakini hata katika kambi za waliohamishwa na mafuriko chakula hugawiwa vizuri kaya kwa kaya, kwa orodha, mama akipokea kwa jina lake. Anayerusha mikate kutoka garini huwalisha wenye mbio. Pingamizi la pili ni kwamba mwalimu mkuu anaweza kuila zawadi. Anaweza, ndiyo maana mtoaji asimkabidhi peke yake. Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 inaipa shule bodi ya usimamizi yenye wawakilishi wa wazazi, na watu hao wanajulikana kijijini kwa majina na kwa nyumba zao. Mwenyeji wa Hola aliye Nairobi anaweza kupiga simu kabla ya kusafiri, kuuliza kama kinachohitajika ni sodo, madawati, tangi la maji au mahindi ya chakula cha mchana, kulipa kwenye akaunti ya shule, kudai risiti, na kuomba kiasi hicho kisomwe mbele ya wazazi katika mkutano wao unaofuata. Bodi ikikataa kukisoma, muhula ujao atafute shule nyingine, ikiwezekana ile iliyo mbali zaidi na lami.